Sifa za Bwana Mahepe

Katika magonjwa ya kuku kuna yanayotukuzwa na kuna yanayoonewa. Kideri anajulikana hata kwa asiyefuga. Akiingia mtaani habari zake hutangulia, na kila mtu anajua la kufanya: awahi kuchinja, au awahi kumuuzia asiye na habari. Ndui huandika jina lake usoni pa kuku, kuanzia kilemba mpaka kope. Gumboro ana siku zake kwenye ratiba ya chanjo iliyobandikwa mlangoni mwa duka la dawa za mifugo. Mahepe, ambaye vitabuni huitwa ugonjwa wa Marek, hajatungiwa hata ubeti. Mwenye kuku kumi na watano nyuma ya jiko huishi naye miaka, akafukia kuku baada ya kuku chini ya mpapai, asimtaje hata siku moja. Dhuluma hiyo imetosha. Kwa kuwa hakuna aliyejitolea, kipaza sauti nakishika mimi.

Nianze na adabu zake. Kideri hana simile. Akiingia mwanzo wa wiki, mwisho wa wiki banda jeupe. Bwana Mahepe hakurupuki. Humwingia kifaranga angali mchanga, kwa njia ya pumzi, kisha hujikalia kimya wiki baada ya wiki. Anakuacha ununue chakula cha vifaranga, ununue cha kukuzia, upige hesabu za trei za mayai na kuzirudia usiku ukiwa kitandani. Kuku wakishatimiza kati ya miezi miwili na sita hivi, tembe wakiwa wameanza kuwa na vilemba vyekundu na kuchungulia viota, ndipo anapopiga hodi. Nani mwingine angekuwa na subira ya kungoja umalize kulipa?

Na hodi yenyewe haina kishindo. Pora mzuri, mkia ndio kwanza unaanza kupinda, anaamka akichechemea. Kesho yake yuko chini, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, bawa la upande mmoja limeshuka, ila jicho lake liko macho na ukimsogezea pumba anadonoa kwa hamu. Akiachwa na wenzake watampanda na kumdonoa. Akitengwa, na maji yakawekwa karibu na mdomo, anaweza kukaa siku nyingi akikutazama tu. Wakati mwingine Bwana Mahepe hupitia kwenye jicho: mboni inapoteza uduara, rangi ya jicho inageuka kijivu, na kuku analenga punje akiikosa. Wakati mwingine gole linajaa na halishuki, kwa sababu neva ya kulisukuma imelala.

Hapo mtaa mzima unapata kazi. Mmoja anasema kuku kakanyagwa na bodaboda. Mwingine anasema kaangukia mguu alipokuwa akishuka mtini. Mzee wa nyumba ya tatu hana shaka kwamba mwenye kuku ana mbaya wake. Kijana wa duka la dawa anatoa antibayotiki na vitamini, maana ndivyo vilivyoko rafuni. Unakuja mwarobaini, inakuja shubiri, kitunguu saumu na pilipili kichaa vinatwangwa kwenye kinu kimoja. Bwana Mahepe anavipokea vyote kwa heshima sawa, na hakuna kimfanyacho kitu. Ni kirusi; antibayotiki hazimgusi, na tiba hana. Aliyemleta daktari kwa gari na aliyechemsha majani ya bure wanapata jibu lilelile. Vitamini nisizicheke mno: kifaranga aliyepungukiwa vitamini B2 hukunja vidole vya miguu, na akiwahiwa huweza kuinuka. Hata kideri hupoozesha. Kwa hiyo mguu uliolegea peke yake hautoshi kumpa mtu sifa anazostahili mwingine.

Anayetaka kumjua kwa sura amwombe daktari wa mifugo ampasulie kuku aliyekufa. Misuli ya ndani ya paja ikitenganishwa, inaonekana neva kubwa ya mguu. Ya kuku mzima ni nyembamba, nyeupe ya kung'aa, ina vistari vidogovidogo vilivyokingama. Ya kuku aliyeingiliwa na mgeni wetu imevimba maradufu au zaidi, vistari vimefutika, weupe umegeuka ukijivu wa majimaji. Mara nyingi ni ya upande mmoja, hivyo daktari anazifunua zote mbili uone tofauti bila darubini. Kisha anafika kwenye ini na bandama: vimekua kuliko kiasi, na huenda vina mabaka meupe. Ni saratani. Seli za damu zilizowekwa kumlinda kuku zimeacha lindo, zinazaana ovyo.

Nasaba yake nayo ni ya kuandikwa. Mwaka 1907, mjini Budapest, daktari wa mifugo József Marek alieleza habari za majogoo wanne waliopooza. Wanne tu, na jina likabaki. Zama hizo Bwana Mahepe alikuwa mtu wa miguu na mabawa. Uvimbe wa ndani haukuwa umemletea jina. Ufugaji ulipohamia kwenye mabanda ya maelfu, naye akajiendeleza. Wanasayansi wamempanga kwa madaraja: mpole, mkali, mkali sana, na mkali sana wa alama ya kujumlisha, maana vivumishi viliwaishia. Mwaka 1967 Churchill na Biggs, katika kituo cha Houghton nchini Uingereza, walimtambua kuwa ni kirusi wa ukoo wa herpesi. Haikuchukua muda ikapatikana chanjo, na hiyo ikawa chanjo ya kwanza ya kuzuia saratani kwa kiumbe chochote. Binadamu na hospitali zake zote alikuja nyuma ya kuku. Aina moja inayotumika hadi leo inatokana na kirusi cha bata mzinga, jamaa wa karibu asiye na madhara.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Magonjwa mengine yakipigwa chanjo hukimbia. Yeye alivuta kiti akajadiliana. Chanjo inamzuia kuotesha uvimbe na kuua, lakini haimzuii kuingia, kuzaliana na kutoka. Kuku aliyechanjwa anaweza kumbeba maisha yake yote, huku anataga na ananawiri, na bado akamsambaza. Mwaka 2015 Andrew Read na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba zile aina kali mno, ambazo humuua kuku asiyechanjwa kabla hajazieneza sana, hupata muda wa kuenea zikiwa ndani ya waliochanjwa. Mwanasiasa gani amewahi kushindwa uchaguzi namna hiyo, akabaki na ofisi, gari na dereva? Asije mtu akasema nimekataza chanjo. Wakali hao wakishazagaa, kifaranga asiyechanjwa ndiye atakayekutana nao kifua wazi.

Tatizo ni kwamba chanjo yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya nyuma ya jiko. Hutolewa siku ileile kifaranga anapototolewa, kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, kabla hajavuta vumbi la banda. Kuna inayotunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuna iliyokaushwa, ambayo huridhika na friji, lakini kwa kawaida chupa yake ni ya dozi 1,000, na ikishachanganywa haina budi kuisha ndani ya saa moja au mbili. Mwenye koo aliyetotoa vifaranga 11 atawachanja, kisha amwage dozi 989. Au aachane na koo, anunue vifaranga waliokwisha kuchanjwa kituo cha kutotolesha, na aulize hasa kuhusu mahepe, si kuitikia tu neno "wamechanjwa". Njia ya tatu ni majirani kukubaliana ili makoo wao wote walalie siku moja. Watu wanakubaliana. Makoo hawahudhurii kikao.

Asiye na chanjo anabakiwa na ufagio, na hapa tena msifiwa wetu ana mchango. Hukomaa kwenye mashina ya manyoya, hutoka pamoja na magamba ya ngozi, kisha hukaa vumbini kwa miezi: juu ya boriti, kwenye utando wa buibui, ndani ya maranda ya zamani, kwenye kreti uliyoazima kwa jirani. Amewafanya watu wafagie mahali ambapo ufagio haukufika tangu banda lijengwe. Amewafanya wajenge kibanda cha pili kwa ajili ya vifaranga, mbali na wakubwa na si upande unakoelekea upepo wao, na waanze kuhudumia watoto ndipo waende kwa wazee. Kifaranga akikutana naye akiwa amekwisha pata nguvu, humhimili kuliko akikutana naye siku ya pili ya maisha yake. Na haki yake apewe: haingii ndani ya yai, wala hamwambukizi binadamu.

Kwa kuwa yai limesalimika, Bwana Mahepe amejipa na kazi ya ushenga. Kuna kuku wanaozaliwa na damu inayomstahimili, na ustahimilivu huo hurithiwa. Mfugaji mdogo hana maabara ya kuwapima, basi anapimiwa bure. Baada ya misimu ya vilio, jogoo na matetea waliobaki wamesimama kwa miguu miwili ndio wa kuchukuliwa mbegu. Mayai yao yakusanywe, yatotolewe na kulelewa mbali na banda, maana wazazi wenyewe huenda wamembeba mgeni bila kuumwa. Kikwazo ni kwamba jogoo aliyebaki ndiye pia mwenye kifua na mapaja, na Idi ikikaribia kila mgeni atamnyooshea kidole yeye. Mwambieni huyo ana shughuli nyingine. Wa kuchinja anunuliwe gulioni, na achinjwe hukohuko, asipitishwe bandani.