Tone Usoni kwa Shemeji: Njia Nane za Kuliondoa kwenye Lenzi

Video za Maziwe, hifadhi ya bahari karibu na Pangani, zinajulikana. Bahari ya kijani, fungu la mchanga mweupe, watu wanacheka, halafu katikati ya uso wa shemeji kuna tone la maji limetulia tangu mwanzo hadi mwisho. Shemeji kalipa nauli ya boti kutoka Ushongo, kalipa kiingilio cha hifadhi, kavaa nguo mpya. Hawezi kurudi nyumbani hana macho!

Kamera hizi ndogo za michezo, iwe GoPro au DJI, zina kioo kidogo cha mbele na zinaona pembe pana sana. Tone ambalo kamera kubwa ingelivumilia, hapa linameza kipande kizima cha picha. Kanuni ni moja: lenzi iliyolowa yote inapiga vizuri, na iliyokauka yote inapiga vizuri. Inayoharibu ni iliyolowa nusu. Kila dawa ya matone inafanya moja kati ya mawili, ama kuyatandaza maji yawe utando mmoja, ama kuyafukuza kabisa. Anayechanganya zote mbili ndiye anayelia. Nimezipanga kutoka ya mwisho hadi ya kwanza, na asiyekubali mpangilio tukutane Raskazone, jijini Tanga, tubishane.

8. Kung'uta na kupuliza

Kila mtu huanzia hapa. Kung'uta kunatoa tone kubwa na kuacha madogo. Kupuliza kunayasogeza pembeni na kuongeza mvuke wa pumzi. Fanya ukiwa huna kingine, na kamba ya kamera iwe mkononi. Ikikuponyoka kwenye kilindi cha Tanga inawafuata silikanti, samaki ambao kwa ajili yao hifadhi ya bahari ilianzishwa hapa mwaka 2009. Ukoo wao ulikuwepo kabla ya dinosaria, na wamefika hadi leo bila video hata moja ya kwako.

7. Kanga ya shangazi

Hapana. Kitambaa kilicholowa maji ya bahari kikakauka kina chembe za chumvi, na kikipitia ufukweni kina mchanga juu yake. Ukisugua nacho unakichora kioo, na mchoro haufutiki. Beba kitambaa laini cha miwani ndani ya mfuko usioingiza maji, na chupa ndogo ya maji ya bomba. Mwagia kwanza, kisha gusisha kitambaa bila kusugua. Kanga mwachie shangazi ajifunge. Upepo wa Ushongo hauna adabu.

6. Vipakiti vya kwenye boksi la viatu

Wengi wanapigana na matone kumbe ni ukungu. Kamera ilale kwenye kiyoyozi, asubuhi itolewe nje kwenye joto la Tanga lenye unyevu, kioo kitapata jasho papo hapo. Itoe mapema, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue. Kama unatumia kasha la kuzamia, lifunge mahali pakavu na uweke ndani kimoja cha vile vipakiti vilivyoandikwa "usile". Vinakunywa unyevu. Kumbe vilikuja na viatu kwa kazi ya maana, nawe ukavitupa.

5. Sabuni ya vyombo, usiku uliotangulia

Hii si njia ya kuringia, lakini bila hii nyingine zote zinakwama. Maji hujitandaza yenyewe juu ya kioo kisafi. Yakikuta mafuta yanajikunja kuwa matone na kung'ang'ania hapohapo. Sasa fikiria asubuhi ya ufukweni: losheni ya jua, mafuta ya nazi kichwani, bajia mkononi, halafu kidole hichohicho kinabonyeza kamera na kupapasa lenzi. Osha kwa tone la sabuni na maji ya bomba ya uvuguvugu, suuza sana, kausha kwa kitambaa cha miwani. Asubuhi, mmoja wenu mwenye mikono mikavu ateuliwe kuwa mshika kamera. Mla bajia akae na bajia zake.

4. Kiazi cha Lushoto

Usicheke. Wazamiaji husugua kiazi mbichi kwenye kioo cha miwani yao, na wapiga picha wa majini hufanya hivyohivyo kwenye makasha yao. Kata kiazi, pitisha upande uliokatwa juu ya kioo, suuza kidogo tu. Utomvu wake unaacha utando mwembamba ambao maji hutandaa juu yake badala ya kujikunja. Kiazi kimeteremka kutoka milima ya Usambara hadi soko la Tanga. Kukifikisha Pangani ni hatua chache zaidi, na kinachobaki kinakaangwa chipsi.

3. Mshumaa na dawa ya kioo cha gari

Hapa tunahamia kambi ya pili, ya kuyafukuza maji. Pitisha mshumaa mweupe juu ya kioo cha kasha, kisha ng'arisha kwa kitambaa laini mpaka uone kweupe kabisa. Au tumia ile dawa ya kioo cha gari inayofanya mvua iteleze, ila soma chupa kwanza: nyingi ni za kioo halisi, na kasha la plastiki linaweza kuharibika. Maji yatakimbia kama kwenye jani la gimbi. Kamera nyingine zinakuja na kinga hiyo tayari. GoPro waliiweka kwenye kifuniko cha lenzi cha HERO10 mwaka 2021. Kinga hiyo huisha kwa kusuguliwa, kwa hiyo iguse kwa heshima.

Njia hii ina masharti: inataka kasi. Anayeteleza kwa tiara Ushongo, au aliye kwenye boti ya injini, upepo unamsukumia tone likaondoka. Anayeelea taratibu akitazama samaki, tone linajikunja vizuri kabisa, linang'aa, na halina haraka ya kwenda popote.

2. Mwulize nahodha

Watu wananunua dawa za kila aina na hawamwulizi mtu aliyeshika usukani maji yanatoka wapi. Nenda naye kwa adabu: "Mjomba, joshi ni upande upi?" Rasharasha zinaruka kutoka joshi, upande upepo unakotoka, pale tengo la ngalawa linapopiga wimbi. Basi funga kamera demani, upande wa pili. Kama ni lazima iwe omo, mbele ya chombo, igeuze itazame tezi, nyuma: maji yataipiga mgongoni, nawe utapata sura za watu badala ya povu tupu. Mlingotini ni bora zaidi, ukikubaliwa, maana rasharasha nyingi hazifiki huko juu. Fundo afunge baharia, tafadhali.

Kisha kuna saa. Maziwe zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hutoka sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kabla upepo wa mchana haujashika. Yaani siku ambazo Maziwe inapendeza zaidi ndizo zinazoweza kukupa bahari tulivu zaidi ya kupigia picha. Siku ambayo kwenda huko unaukabili upepo, kurudi utaupa mgongo. Weka kamera kwenye mfuko wakati wa kwenda, itoe wakati wa kurudi, na nusu ya matone yako hayatazaliwa.

1. Ulimi

Ndiyo, ulimi. Watelezaji wa mawimbi duniani kote hulamba lenzi, na sioni kinachoishinda kwa anayeingia na kutoka majini. Mate yanatandaza maji. Lamba kioo chote, acha yakae kidogo, kisha chovya kamera nzima baharini uitoe. Utando utakaa, picha itakuwa safi kwa muda, nawe utarudia kila baada ya dakika chache. Chovya upya kabla ya kila picha unayoitaka kweli. Ile picha ya nusu juu nusu chini ya maji, mashua juu na matumbawe chini, inapatikana hivi. Lenzi yenye kinga ya kufukuza maji iache kwanza ifanye kazi yake. Ikishindwa, ndipo ulambe. Usilambe iliyopakwa mshumaa au dawa ya gari.

Usilambe pia karibu na bandari ya Tanga wala kwenye mlango wa Mto Pangani baada ya mvua. Huko mate yaweke kwa kidole kisafi, maana tumbo lako lina thamani kuliko video. Na kama kamera ni ya kuazima, mwombe mwenyewe ruhusa kabla hujatoa ulimi.