Mtaliano Asiye na Ukoo

Huku kwetu Tarime mtu akisikia umenunua gari hakuulizi rangi wala mwendo. Anauliza linabeba magunia mangapi ya mahindi, na likinasa kwenye tope masika nani atakuja kulitoa. Ndiyo maana mji umejaa Probox, zile tunazoziita michomoko, zinazopakia watu hadi kwenye buti na bado zinafika Sirari zikipiga honi. Mimi nina Alfa Romeo 147. Haibebi gunia. Ukiipakia gunia, tumbo linalima barabara.

Kuna wanaosema nililogwa. Hao nawajibu hivi: gari ni zuri. Lilitoka mwaka 2000, na mwaka 2001 likapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Lilitengenezwa Pomigliano d'Arco, karibu na Naples, mpaka mwaka 2010 lilipoachwa. Ile ngao ya mbele inashuka kutoka kwenye boneti hadi ndani ya bampa, na macho yake yamekaa kwa dharau kidogo. IST ni gari la maana sana, wala siisemi vibaya, lakini sijaona mtu akiipaki IST yake sokoni kisha akageuka kuitazama mara ya pili.

Langu halikuja moja kwa moja kutoka kwao. Liliuzwa jipya Japani, likala ujana wake huko, ndipo likapandishwa meli kuja Dar es Salaam. Kwa hiyo ni Mtaliano mwenye kitabu cha maelezo cha Kijapani, na redio inayoishia 90, kama redio za magari mengi ya Japani. Stesheni ninayoitaka iko juu ya hapo. Nasafiri kimya, nasikiliza bushi.

Aliyeliagiza alilipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake ile nyongeza ya uchakavu tunayotozwa gari likizeeka. Wenzetu wa Kenya wamefupisha maneno: gari lililozidi miaka minane haliingii. Sisi tunaliruhusu liingie, tunalipisha faini ya uzee, kisha tunaliacha barabarani lijitegemee. Huyo bwana alipochoka akaliuza Mwanza, wa Mwanza naye akachoka upesi zaidi, na dalali akanipigia simu mimi.

Mzee jirani yangu alipoambiwa bei alifumba macho, akaigeuza kuwa ng'ombe. Wazee wetu hawahesabu shilingi, wanahesabu mitamba. Alipofumbua macho aliniuliza taratibu, "Mura, hili linazaa?"

Lawama za kununua gari hili ziende kwa redio ya utotoni. Aliyekulia Tarime miaka ya 1980 aliisikia Sauti ya Kenya vizuri kuliko redio ya Dar es Salaam, na Pasaka yetu ilikuwa Safari Rally. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi tulipopata akili yalikuwa yamebaki Kenya, lakini mpaka haukuzuia mawimbi. Lancia walikuwa wamehangaika na njia zile miaka mingi. Mwaka 1975 Stratos zao zilimaliza ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Halafu mwaka 1988 akaja Miki Biasion na Lancia Delta Integrale, gari dogo la milango mitano, la kwendea sokoni ukilitazama umbo, akashinda. Mwaka 1989 akashinda tena. Mwaka 1991 Juha Kankkunen akashinda na Delta vilevile. Kwa mtoto wa Tarime hesabu ilikuwa rahisi: gari dogo la Kitaliano linamudu tope, mawe, vumbi na punda. Hesabu hiyo nimekua nayo.

Ambacho redio haikukionyesha ni helikopta. Timu kubwa za Safari zilirusha helikopta juu ya magari yao: moja ya kazi zake ni kumtahadharisha dereva juu ya wanyama walio mbele, nyingine ni kubeba mafundi na spea. Biasion akivunja kitu, fundi wa kiwandani anashuka kutoka mbinguni na kipya mkononi. Juu ya gari langu wanapita kunguru.

Na hapo ndipo penye shida yenyewe, wala si ubovu. Kwa Wakurya mtu huulizwa ukoo mapema: wewe ni Mnchari, Mkira, Mwirege, Mnyabasi? Ukishajibu inajulikana ukikwama utalala kwa nani. Magari nayo ni hivyo hivyo. Probox ina ukoo. Injini yake ya 1NZ imo pia kwenye IST, kwenye Spacio, kwenye Ractis. Ikiharibika Nyamongo kuna shangazi yake yuko juu ya mawe nyuma ya gereji fulani, atatoa figo. Fundi ameshazika na kufufua za aina hiyo tangu akiwa mwanafunzi. Mtaliano wangu amekuja ugenini bila mjomba, bila binamu, bila hata mtu wa kijiji kimoja. Akiumwa, anaumwa peke yake.

Chukua plagi. Nilikwenda duka la spea kuomba plagi nane.

"V8?" muuzaji akauliza, macho yakimng'aa.

"Silinda nne."

"Basi nne nyingine za akiba?"

"Hapana, zote zinaingia. Kila silinda ina plagi mbili."

Akaniangalia vile daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekuja na jibu lake. Nikamweleza kwamba ndiyo Twin Spark yenyewe, cheche mbili, fahari ya Alfa. Nikaongeza kwamba hata hizo nane hazilingani: nne nene na nne nyembamba. Akazunguka nyuma ya kaunta, akarudi na nne za Toyota na nne za pikipiki, akazipanga mezani kwa ukubwa. "Chagua mwenyewe, mwalimu." Mimi si mwalimu, ni namna ya kumwita mtu aliyesoma akapitiliza. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyenielewa, kwa sababu Pulsar yake ya Bajaj nayo ina plagi mbili kwenye silinda moja. Tukapeana mikono. Mpaka sasa huyo ndiye ndugu wa karibu niliyempata Tarime yote. Plagi zenyewe zilitoka Kariakoo, kwa basi, zimefungwa kwenye boksi la biskuti.

Asubuhi injini ikiwaka hugonga kwa sekunde chache, ka-ka-ka-ka, ndiyo tabia ya injini hizi kile kifaa kinachozungusha majira ya kemshafti kikichakaa. Wahudumu wa vituo vya mafuta walikuwa wakisikia mlio huo wanachomoa pampu ya dizeli. Mwishowe nikawa nashuka garini kabla hawajakaribia.

Lakini hayo yote ni mafua. Ugonjwa ni gia.

Gari langu lina kitu kinaitwa Selespeed. Ni gia boksi ya kawaida, yenye klachi ya kawaida, ila mguu wako umeondolewa na nafasi yake ikapewa kompyuta, pampu ya umeme na mafuta yenye presha. Wewe unasukuma kijiti kidogo, kompyuta inafikiri, pampu inasukuma, gia inaingia. Vikiwa na afya, ni raha tupu. Kutoka mjini kushuka Nkende gari linabadilisha gia kwa sauti inayowatoa watu nje. Pampu ikikata, gia iliyokuwa imeingia inabaki imeingia. Huwezi kuitoa. Klachi imeng'ata, magurudumu ya mbele yameshikana na injini, na injini imezima.

Ilinitokea njia ya Nyamongo, nikielekea Mugumu, kwenye kipande chenye kokoto, mahali ambapo malori hayapishani bila kutukanana. Watu wa huku wana sifa moja ambayo wageni hawaisemi vya kutosha: gari likizima, wanatokea. Hujapiga simu, hujapunga mkono, tayari wako nyuma wamekunja mikono ya mashati. Walikuja vijana, wakaja kina mama waliokuwa wanatoka gulioni, akaja mzee mmoja mwenye fimbo akachukua uongozi bila uchaguzi.

"Moja, mbili, tatu!"

Gari halikutikisika.

"Mura, toa gia!"

"Imegoma kutoka, mzee."

"Toa breki ya mkono!"

"Nimeshatoa."

Mzee akaja dirishani, akaingiza kichwa, akatazama kile kijiti. Akatazama chini kwenye pedali. Zilikuwa mbili.

"Klachi iko wapi?"

"Iko ndani. Inakanyagwa na kompyuta."

"Basi iambie kompyuta iachie."

Nikajaribu kueleza mambo ya presha. Yeye akageukia umati akawatangazia kwa Kikurya maneno ambayo sitayatafsiri hapa, wakacheka mpaka mama mmoja akatua beseni lake. Walisukuma tena, safari hii kwa hasira, na magurudumu ya mbele yakachora mistari miwili kwenye kokoto, yakasimama. Mwisho likapatikana Fuso lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka mahindi. Likarudi nyuma mpaka kwenye ngema ya pembeni, kitanda chake kikalingana na ukingo. Vijana wakaibeba pua ya Mtaliano kwa mikono, wengine wakavuta kwa kamba, na tumbo likakwaruza lote kuanzia sampo hadi bomba la moshi. Dereva wa Fuso alinitoza bei ya ng'ombe mmoja, kisha akanishauri bure njia nzima.

Fundi wangu ni hodari, tena mvumilivu. Alipofungua boneti alitafuta kamba ya klachi, hakuikuta. Akatafuta pampu ya klachi ya kawaida, hakuikuta. Akapata chombo kimejaa nyaya na mirija, akasimama kimya. "Hii nikiigusa, ijulikane tuliigusa wote wawili," akasema. Tukampigia fundi wa Mwanza, yule akampigia wa Dar es Salaam, yule akasema kuna mtu Nairobi, maeneo ya Grogan. Jamaa wa Grogan alijibu ujumbe mmoja tu: nitumie picha. Nilipotuma, hakujibu tena. Gari likapandishwa juu ya mawe na kuku wakahamia chini yake.

Hapo niishukuru serikali kwa jambo moja. Mwaka 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaihamishia kwenye bei ya mafuta, ili anayelipa awe anayetembea. Katika wilaya hii sidhani kama yuko mtu aliyenufaika na mpango huo kuliko mimi.

Mjomba wangu wa Muriba naye ana kesi yake. Alf… hata jina linamshinda; yeye analiita "hilo". Siku niliyompitia kumpeleka hospitali alisimama mlango wa nyuma akangoja. Mimi niko ndani, injini inanguruma, nangoja apande. Yeye yuko nje, jua linamchoma, anangoja afunguliwe. Vitasa vya milango ya nyuma vya gari hili vimefichwa juu kwenye pembe ya kioo, ili mtu adhani ni gari la milango miwili. Mzee alipapasa mlango mzima kuanzia chini, akiukagua kwa makini vile anavyokagua mguu wa dume mnadani, asipate kitu. Akahitimisha kwamba nimempakia kwa heshima ya uongo. Alikwenda hospitali kwa bodaboda, na habari ikafika kwenye kikao cha ukoo kabla yangu.

Mwenye kuninusuru ni mzee jirani, yule wa mitamba. Katika ujana wake alikuwa utingo barabara ya Zambia, enzi za malori ya Fiat yaliyopeleka mafuta huko baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Nilipomwambia Alfa ilinunuliwa na Fiat mwaka 1986 alisimama. "Kumbe ni Fiat! Fiat ilikuwa inapanda Kitonga na mzigo!" Tangu siku hiyo hasemi vibaya. Kila jioni huja na kigoda, hukaa karibu na gari lililo juu ya mawe, na kuwaeleza watoto wa mtaa habari za Kitonga. Watoto wanalitazama gari langu, wanamtazama yeye, wanaondoka.

Siliuzi. Waliokuja na bei ya chuma chakavu wamerudi na mizani yao, na yule aliyetaka nibadilishane na Probox ya mwaka 2004 nikamwambia aangalie kwanza uso wa gari lake. Ninachohitaji ni pampu ya Selespeed na kile kichupa cha presha kinachokaa nayo. Kitasa cha nyuma cha kulia pia, maana mjomba alipokipata hatimaye alikivuta kwa hasira zote. Kama wewe msomaji uko popote kati ya Sirari na Mugumu, au Musoma, au hata Migori, na nyuma ya nyumba yako kuna 147 imelala kwenye nyasi, usimuuzie mtu wa chuma chakavu. Nijulishe. Nitakuja na Fuso, na gharama za Fuso nazijua.