Gurudumu la Cherehani

Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha Ilboru tangu alasiri, na ukungu wa Mlima Meru ulishuka hadi kwenye migomba yetu. Nikamwomba mke wangu azime tochi. Injini ya Datsun ilikuwa inanguruma, boneti limefunguliwa, na gizani tukakiona tulichokuwa tunakitafuta kwa wiki mbili: cheche ndogo za buluu zikirukaruka kutoka kwenye waya za plagi kwenda kwenye chuma cha injini.

"Kumbe ndiyo maana linamisi," akasema mke wangu.

Ndiyo hiyo. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi zaidi ya 20,000. Umeme wa nguvu hiyo unatakiwa ufike kwenye plagi, uruke kwenye mwanya mdogo, uwashe mafuta. Lakini mpira wa waya ukizeeka, ukapasuka, na ule ufa ukaingia unyevu, umeme hauhangaiki tena kwenda mbali. Unatorokea njiani. Ndiyo sababu gari letu lilikuwa zima kabisa mchana wa jua, kisha likashikwa na kigugumizi kila asubuhi ya ukungu tulipopandisha kutoka Sakina.

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili binti yetu mkubwa alikuwa anapata kipaimara, na Mama alikuwa amesema mapema, bila kuinua sauti, kwamba angependa mjukuu wake aende kanisani na gari la babu yake.

Gari hilo ni Datsun 1600 SSS, injini ya sentimita za ujazo 1,595 yenye kabureta mbili. Baba alilinunua mwaka 1979, likiwa limeshapita kwenye mikono ya watu wawili, na hakulinunua kwa bahati. Mwaka 1970 alikuwa kijana, sikio limeganda kwenye redio, wakati Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda mashindano ya magari ya Safari kwa Datsun ya aina hiyohiyo. Kabla ya hapo moyo wake ulikuwa kwa Peugeot 404, kwa kuwa ndiyo iliyompa ushindi Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, mwaka 1966 na 1967. Lakini tangu 1970 hakuisifu tena Peugeot. Alitufundisha sisi watoto majina ya madereva kama wengine wanavyofundishwa majina ya mitume. Alipofariki mwaka 2011, hakuna aliyethubutu kusema gari liuzwe.

Ijumaa nilizunguka mjini kutafuta waya. Spea za Datsun ya zamani hazikai rafuni zikikusubiri. Katika duka la nne nikapata seti ya waya tano, nne za plagi na moja inayotoka kwenye koili. Nikazipima kwa macho, nikaona zinatosha, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya jua. Nilitaka kazi iishe kabla ya watu kuanza kufika, maana wajomba walikuwa wanatoka Tengeru na mkungu wa ndizi, na jikoni maziwa ya loshoro yalikuwa tayari kwenye kibuyu. Nikazing'oa waya zote tano kwa pamoja. Moja ilikatika mkononi, kwa sababu nilivuta waya badala ya kushika kofia yake ya mpira. Ndani yake kuna uzi wa kaboni ambao hauvumilii kuvutwa. Sikujali, zilikuwa za kutupwa. Niliona pia kwamba kila moja ilikuwa imefungwa uzi uliokwisha kuwa mweusi kwa mafuta. Nikadhani ni taka za miaka mingi. Nikazirundika zote kwenye karai.

Mpangilio wa kuwaka wa injini hii niliujua tangu utoto: moja, tatu, nne, mbili. Nikaweka waya ya silinda ya kwanza mahali pake kwenye kofia ya distributa, kisha nikaendelea kuzunguka kama mshale wa saa unavyozunguka. Tatu. Nne. Mbili. Nikafuta mikono, nikamwita mke wangu apige starta.

Injini ilishtuka mara mbili kana kwamba inataka kuwaka. Kisha ulisikika mlipuko kwenye kabureta, na ulimi wa moto ukatoka pale nilipokuwa nimeondoa chujio la hewa. Nikaufunika kwa gunia lililolowa mvua. Wakati huohuo eksozi nayo ikapiga kishindo kilichowarusha kuku hadi juu ya uzio, ikatema masizi ya miaka yote iliyolala ndani yake. Nyuma ya gari, kwenye kamba, mke wangu alikuwa ameanika gauni jeupe la kipaimara.

Binti yangu hakulia. Alisimama mlangoni akaliangalia gauni, kisha akaniangalia mimi. Hilo lilikuwa zito kuliko kilio.

Mama alitoka chumbani taratibu na fimbo yake. Aliangalia gauni kwanza, akalitoa kwenye kamba, akalikung'uta bila kulisugua ili masizi yasizame kwenye kitambaa, akampa mke wangu. Ndipo akaja kwenye boneti.

"Mwanangu, zile waya za zamani ziko wapi?"

"Kwenye karai, Mama."

Akachukua moja, akausugua ule uzi mweusi kwa kidole gumba. Yakatokea mafundo matatu. Nyingine ilikuwa na fundo moja. Waya ndefu kabisa, ile ya silinda ya nyuma, ilikuwa na mafundo manne.

"Baba yako alikuwa ananiita nije na uzi," alisema. "Tulikuwa tunatoa moja, tunafunga mpya, tunarudisha, ndipo tunagusa ya pili. Hatukuwahi kuzitoa zote. Sasa hizi mpya umezizungusha kwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Mama ameshona nguo za watu wa Ilboru kwa zaidi ya miaka 40, na cherehani yake bado iko barazani. Akainua mkono wa kulia hewani, akazungusha kitu nisichokiona, kuelekea kifuani kwake. "Baba yako aliniambia nisisahau, inazunguka kama gurudumu la cherehani. Inakuja kwangu. Ukiipeleka kule, uzi unakatika."

Tukafungua kofia ya distributa. Mke wangu akagusa starta kidogo, na rota ikazunguka mbele ya macho yetu, kinyume cha saa, kama mkono wa Mama ulivyokuwa umezunguka. Hapo nikaelewa nilichofanya. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa zinapata cheche kwa wakati wake. Ya pili na ya tatu nilikuwa nimezibadilishia waya, kila moja ikipata cheche wakati mlango wake wa kuingizia mafuta unaanza kufunguka; ndiyo maana moto ulirudi kwenye kabureta.

Nilikuwa nimekaa miaka yote nikijiona mrithi wa ujuzi wa Baba kwa sababu nilisimama karibu naye nikiwa mtoto. Sikuwahi kujiuliza ni nani alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti. Nilimwomba Mama msamaha palepale, mbele ya binti yangu. Akanijibu kwamba masizi hutoka kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, nisimame nimalize kazi.

Nikabadilisha waya mbili. Gari likawaka mara ya kwanza, likatulia, sauti ikawa moja. Doa moja la gauni lilikataa kutoka, karibu na pindo. Mama akalipandisha pindo hilo kwa upana wa vidole viwili, na jioni lilikuwa limenyooka.

Kabla hatujalala alimwita mjukuu wake aje na uzi mweupe. Nikashika tochi. Binti yangu akafunga fundo moja kwenye waya ya kwanza, mawili kwenye ya pili, matatu kwenye ya tatu, na bibi yake akimwongoza: usikaze sana, mpira usikatike. Alipofika mafundo manne, akauliza distributa inazunguka kwenda wapi. Mama hakujibu. Alimwachia nafasi, na msichana akainua mkono wa kulia, akauzungusha kuja kwake.