Kitanda Chenye Mtu Ndani

Khanga yangu mpaka ninapoandika haya iko kwa dobi wa hospitali, imeviringishwa ndani ya shuka chafu, na wenye mamlaka ya kufulia wananiambia nivute subira. Iliondoka mchana kweupe, saa ya kutazama wagonjwa, mbele ya akina mama wa jumuiya waliokuja kunipa pole. Nikabaki na lile gauni la wodini, ambalo fundi wake alishona mbele vizuri kabisa, akaacha nyuma wazi kwa imani kwamba mgonjwa hatageuka. Na mimi wakati huo nilikuwa nimegeuzwa.

Walionigeuza ni wanafunzi wa uuguzi, binti na kijana, sare zimepigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Mkufunzi wao alikuwa miguuni pa kitanda, mikono nyuma, uso hauna habari na mtu.

"Bibi, usiogope," binti akaniambia. "Tunakugeuza kidogo tu."

Bibi! Nimegeuza watu tangu mama yake anavaa sare za shule ya msingi. Nimegeuza madereva wa malori, mashehe, maparoko na diwani mmoja mwenye uzito unaostahili diwani. Lakini sikusema kitu, kwa sababu iko kanuni isiyoandikwa kitabuni: muuguzi akilazwa, asijitambulishe. Akijitambulisha, hakuna atakayemweleza jambo lolote. Ataletewa vidonge vyake kwenye kikombe na kuambiwa, "Sista, si unajua," kisha aachwe na ujuzi wake. Basi nikawa bibi, nikatazama ukuta kama nilivyoelekezwa.

Wacha nieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani kutandika ni kutandika tu. Kitanda kitupu hata mtoto wa darasa la tatu anakitandika. Chenye mtu ndani, mtu mwenye mshono tumboni, asiyeweza kukaa wala kusimama, hicho kina elimu yake. Kwanza unalegeza mashuka pande zote. Mgonjwa analazwa ubavu, anatazamana na muuguzi wa upande ule, ambaye kazi yake yote kwa wakati huo ni kuwa ukuta, mtu asidondoke. Huku nyuma, mwenzake anaviringisha shuka chafu kuelekea mgongo wa mgonjwa, uchafu ukiwa kwa ndani. Anapangusa makintoshi, lile shuka la mpira. Halafu anatandaza shuka safi nusu ya kitanda, nusu ya pili anaiviringisha kando ya lile chafu. Sasa katikati ya godoro pamesimama tuta la kutosha kupandia viazi, na mgonjwa anaombwa kwa heshima avuke. Akishatua upande wa pili, chafu linavutwa na kutiwa kikapuni, safi linavutwa na kunyooshwa, na mtu amebadilishiwa matandiko bila unyayo wake kugusa sakafu. Mara ya kwanza kuliona jambo hili, chuoni, nilitazama chini ya kitanda kutafuta hila.

Kisha kuna kona. Shuka linaloning'inia ubavuni unalishika kwa vidole viwili, mbali kidogo na miguuni, unaliinua na kulilaza juu ya godoro mpaka litoe pembetatu. Kilichobaki chini unakisukumia chini ya godoro. Pembetatu unaishusha, nayo unaisukumia. Ikitoka sawasawa inakupa mstari wa nyuzi 45, na shuka halilegei hata mgonjwa acheze ngoma. Sijawahi kuchoka kuitazama kona nzuri. Wako watu wanaotazama machweo.

Tena si urembo. Mtu asiyejigeuza, uzito wake wote unakaa juu ya mifupa michache: kisogo, mabega, kiuno kwa nyuma, visigino. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, na isipopata damu inaanza kufa kwa ndani kabla hujaona wekundu kwa nje. Ndiyo maana tulifundishwa kugeuza kila baada ya saa 2, na ndiyo maana mkunjo mmoja wa shuka, au chembe za mkate wa asubuhi, ni adui. Florence Nightingale, aliyeanzisha shule yake ya uuguzi London mwaka 1860, alikuwa ametenga sura nzima ya kitabu chake kwa ajili ya kitanda na matandiko. Dunia inamkumbuka kwa taa. Kwangu mimi ni mama wa mashuka.

Basi nimelala ubavu, tuta liko nyuma yangu, na khanga yangu, ambayo nilikuwa nimejifunika kiunoni, imo ndani ya tuta. Nililiona likitokea. Nilisikia kitambaa kikiniaga. Nikavuta pumzi niseme, lakini mtu mwenye mshono mbichi hasemi haraka, na kijana alivuta furushi lile kwa ari ya mtu anayetafuta alama. Kikapuni. Mhudumu akapita, akasukuma kikapu, akaenda zake.

"Mmesahau kitu," mkufunzi akasema.

Wanafunzi wakakitazama kitanda juu hadi chini. Walinitazama na mimi, nilivyo, kwa uangalifu wa kitaaluma.

"Foronya, mwalimu," kijana akajibu. "Mdomo wake umeelekea mlangoni."

Wakageuza mto.

Aliyeniokoa ni mwenyekiti wa jumuiya. Mama yule, bila kutangulia na salamu wala wimbo, alipaza sauti, "Tusali!" Wodi nzima ikafumba macho, pamoja na mkufunzi. Akasali kwa ajili ya wagonjwa, wauguzi, madaktari, waziri, mvua na walio safarini, akaendelea mpaka nikafanikiwa kuvuta blanketi kwa vidole vya mguu. Sala ndefu kama ile nilikuwa nikiilalamikia kila Jumapili. Sitailalamikia tena.

Suala la foronya nililijua linakotoka. Mkufunzi wetu wa zamani alikuwa anasimama mlangoni mwa wodi na kutupa jicho kwenye safu ya vitanda. Kona zote ziwe mstari mmoja. Magurudumu ya vitanda yaelekee ndani, mtu asijikwae. Midomo ya foronya isitazame mlango. Tukimuuliza kwa nini, wiki hii ni vumbi, wiki ijayo ni adabu, na akiwa amechoka ni kwa sababu amesema. Kitanda kimoja kikikosea, alikuwa anafumua kitanda chote, godoro likabaki uchi, akakutazama uanze upya huku akihesabu kwa sauti. Tulimwogopa kuliko mochwari.

Usiku mmoja mzazi aliyejifungua jioni alichafua shuka la mwisho lililokuwamo stoo. Alikuwa binti mdogo, ametoka mbali, ndugu zake hawajafika, na alikuwa analia kwa aibu zaidi ya maumivu. Mkufunzi alitoka bila kusema neno. Alirudi na shuka kutoka nyumbani kwake, jeupe, lililotariziwa tausi wawili wenye mikia ya kijani. Akalitandika mwenyewe, kona nyuzi 45, akamwambia binti, "Hili nalo ni la stoo." Hakuna stoo ya serikali yenye tausi. Asubuhi yake alinifumulia kitanda.

Wema mwingine wa miaka ile ulikuwa mfupi zaidi. Tulijifunza kuchoma sindano kwenye machungwa, na chungwa halina tabia ya kukutazama usoni; mzee wa kwanza niliyemchoma aliona mkono wangu unatetemeka, akaniambia yeye, "Pole, mwanangu." Mgonjwa mmoja aliyening'inizwa mguu kwa uzito wa mawe alikuwa ananisubiri nipotee katika kuhesabu mapigo, kisha ananong'ona, "Andika 78, ndiyo ya jana." Mpishi wa chuo alituwekea ukoko tuliokuwa zamu ya usiku. Mwenzetu alipovunja kipimajoto cha zebaki tulichanga darasa zima kukilipa, baada ya kukimbizana na zile shanga za fedha chini ya vitanda. Miaka mingi baadaye mataifa yakaketi, yakaandika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na kukubaliana kwamba utengenezaji wa vipimajoto hivyo ukome ifikapo 2020. Wangetuuliza sisi.

Na binti yule aliyeniita bibi alirudi jioni, zamu yake imekwisha, na khanga yake mwenyewe kutoka bwenini. Aliiweka miguuni pangu akasema, "Ya kwako inatafutwa." Kisha akanishika kisigino, akakikagua kama nina wekundu. Hakuna aliyekuwa anamtazama wala kumpa alama.

Sasa niseme linaloniuma, na si khanga. Wanafunzi hawa wanafundishwa darasani kwa mashuka mawili, makintoshi, shuka la katikati, blanketi na foronya. Wakifika wodini wanakuta godoro lililopasuka ngozi na kitenge ambacho mgonjwa amekuja nacho kutoka kijijini. Wanaambiwa watoe nyuzi 45 kwa kitenge. Wakifanya mtihani, wanapoteza alama kwa kona.

Tena piga hesabu ya usiku. Chukua wodi yenye wagonjwa 12 wasiojigeuza. Kila mmoja mpe dakika 10, maana kuna kugeuza, kukausha na kupaka. Hizo ni dakika 120, yaani saa 2 kamili. Ukimaliza wa mwisho, wa kwanza yuko tayari, na hapo hujagusa dripu, dawa, mzazi anayeita wala mgonjwa mpya aliyeletwa na bodaboda. Kugeuza kunataka watu wawili. Kwenye zamu ya usiku mara nyingi yuko mmoja, na wa pili ni ndugu wa mgonjwa akiwa hajalala. Alfajiri ndugu huyo huyo anashika simu, anarekodi, anasema nesi ana lugha mbaya. Wengine wetu tunayo kweli, siwatetei. Lakini ukutani pamebandikwa bango lenye namba ya kupiga ukitukanwa na nesi, na katika maisha yangu ya kazi sijaona bango lenye namba ya kupiga mashuka yakiisha.

Basi, msomaji mwenye ndugu wodini, fanya hivi. Nenda na mashuka mawili safi, jina limeandikwa pembeni kwa kalamu isiyofutika. Ukimkuta mwanafunzi anahangaika na kitanda peke yake, nawa mikono, simama upande wa pili, umuulize ushike wapi. Atakuelekeza. Kazi hiyo ni ya watu wawili.