Namna ya Kuitwa Mchawi Kabla ya Kumaliza Darasa la Saba

Binti, nimesikia unataka kuwa mchawi na kushinda mashindano ya shule, yote mawili kabla mwaka haujaisha. Umepiga hodi mlango wenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimezaliwa mwambao wa Ziwa Nyasa, nimefundisha ziwani na Umatengoni, na timu za watoto nilizozisindikiza ni nyingi kuliko penseli nilizowahi kurudishiwa. Uchawi wa michezo nimeuona, nimeusikia, na mara moja nimeupasua kwa wembe nikatazama ndani.

Kwanza weka chini hicho kitabu. Nakijua: shule ya wachawi ndani ya ngome, shule tatu zinashindana, kuna joka, kuna kikombe kinachotoa moto. J.K. Rowling alikitoa mwaka 2000, na kwa Uingereza hakina ubaya. Hapa kitakupoteza. Mle barua huletwa na bundi. Bundi akitua juu ya bati la nyumba ya mtu Liuli au Lituhi, hakuna anayeuliza ameleta barua ya nani. Watu wanaokota mawe. Mle wanarukia ufagio. Ufagio wako ni wa chelewa, unatoka nao nyumbani alfajiri, na kazi yake ni kufagia uwanja kabla ya kengele ya mstarini. Mchawi wa nchi hii husafiri kwa ungo, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, na ungo uliopo kwenu ni mmoja, mama anautaka jioni apepete mchele.

Wala usianze kwa kujipima na wakubwa. Gamboshi kule Simiyu inasifiwa kuwa ndiyo makao makuu. Sumbawanga wana radi ya mchana kweupe, bila wingu. Zanzibar wana Giningi, hadi Muhammed Said Abdulla akaitia kwenye jina la riwaya. Ruvuma hatuna sifa hizo. Sisi tuna UMITASHUMTA.

Kirefu chake ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, na ukikitamka kifupi chake mara tatu bila kuvuta pumzi utaona kwamba chenyewe ni nusu ya kafara. Unaanzia shuleni, unapanda kata, wilaya, mkoa, na ukiwa na bahati unafika taifa, ambako miaka ya karibuni watoto wamepelekwa Mtwara na Tabora. Kila ngazi ina walimu wake, filimbi zake, sufuria lake la maharage, na watu wake wanaojua nani kaloga.

Sasa dawa yenyewe. Sikiliza, maana ni fupi na sitairudia: uwe hodari wa kitu kimoja. Basi. Mengine yote utafanyiwa na watu. Hutahitaji kibuyu, hutahitaji kwenda makaburini usiku wa manane na baridi ya Juni. Wewe shinda tu, ushinde kimyakimya, na uwe mtoto wa kike. Kufikia jioni utakuwa umeshahitimu.

Ili uelewe inavyofanya kazi, tazama jiografia. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita kama 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000. Zamani, kabla ya mwaka 2012, Nyasa haikuwa wilaya. Tulikuwa wote Mbinga, na mashindano ya wilaya yalikuwa huko juu. Basi mtoto wa Mbamba Bay alipakiwa kwenye lori na sahani yake na blanketi lake, akapanda kilomita 66 za kona na vumbi (lami imekuja juzi tu, mkiwa mmezaliwa), akashuka uso mwekundu kama tofali, kesho yake akapewa mita 1,500. Mzunguko wa tatu mapafu yakagoma. Mtoto wa Kimatengo, aliyekua akipanda mlima na ndoo kichwani, akampita pumzi zake shwari. Kule juu hewa ni nyepesi, mwili wa mtoto wa ziwani haujaizoea. Hiyo ni habari ya darasani. Habari ya pembeni mwa uwanja ilikuwa hii: "Wamemfunga miguu."

Nasi tulilipiza kwa maneno yaleyale. Mmatengo hulima ngoro, mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama sega la nyuki. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, wanawake huchimba katikati na kuzifukia, ndipo maharage yanapandwa, kisha mahindi. Mvua inanyesha, maji yanatuama shimoni, udongo haushuki bondeni. Wataalamu wametoka hadi Japani kuja kuyatazama na kuandika. Sisi watoto wa mwambao hatukuandika kitu. Tuliona shamba limesimama karibu wima na halianguki, tukamalizia wenyewe. Wao nao walipoteremka kwetu wakaona moshi mweusi umesimama juu ya maji, mrefu, hauna moto, hakuna aliyewaambia kwamba ni vijidudu vya ziwani kwa mamilioni. Walipanda lori mapema siku hiyo.

Kuna jambo linaniuma hadi leo, niliseme niondokane nalo. Ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 700 liko mlangoni mwetu, watoto wetu wanapiga kasia mwera ukivuma, wanazamia wanaibuka na kokoto ya chini mkononi, lakini kuogelea sikuwahi kukuona kwenye ratiba niliyoletewa. Tulipewa kukimbia. Samaki akipimwa kwa kupanda mti, kesho yake ataitwa mvivu, na keshokutwa aliyerogwa. Afueni yetu ilikuwa ngoma. Hapo mganda na kioda vilitupa heshima, na hata wenzetu wa milimani walikubali kwamba mtoto anayecheza mganda vile hajarogwa, kafundishwa na babu yake.

Utakutana na kamati ya ufundi. Usidanganyike na jina, haishughulikii baiskeli. Ni watu wazima watatu au wanne wanaokwenda uwanjani usiku na kurudi wamenyamaza. Mpira wa wakubwa umewalea: klabu kubwa za Dar es Salaam zimepigwa faini si mara moja kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja, kana kwamba mlango ndio unaofunga magoli. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2002 kule Bamako, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Mali na Kamerun, kocha wa makipa wa Kamerun, Thomas Nkono, kipa aliyetikisa dunia, alikamatwa na askari uwanjani akidaiwa kuweka hirizi. Kamerun ilishinda tatu bila, ikachukua na kombe. Hebu fikiria kazi iliyowapata watu wa busara kueleza tena kwamba hirizi haifanyi kazi.

Mimi nilijifunza darasa la sita. Siitaji shule, ilikuwa yetu, na kocha alikuwa mtu mwema. Zilichangwa shilingi, mtu akatumwa ng'ambo ya kijito, akarudi na hirizi ya kitambaa cheusi, ikashonwa kwenye kiuno cha bukta ya kipa wetu. Sharti: isiguse ardhi. Sasa wewe niambie kipa gani anadaka mpira bila kugusa ardhi. Mpira ukija kushoto, yeye mkono kiunoni. Ukija kulia, mkono kiunoni. Tulifungwa manne, yote ya chini. Usiku, bwenini, yaani darasani tulikolala juu ya majani makavu, tuliipasua kwa wembe wa kuchongea penseli. Ndani mlikuwa na mkaa, unywele mmoja wa mnyama tusiyemjua, na kipande cha karatasi ya daftari la mistari kilichokunjwa mara nane. Tukakikunjua chini ya kibatari. Kiliandikwa 7 × 8 = 54, na alama nyekundu ya kosa. Dawa yetu ilikuwa imefeli hesabu.

Ukifanikiwa kufika mkoani, Songea, uwanja mkubwa utakaoonyeshwa unaitwa Majimaji. Wengi hupita getini bila kufikiri. Mwaka 1905 wazee wa huko walipewa dawa ya maji, risasi ya Mjerumani igeuke maji. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa kwa makumi, siku moja, mjini hapohapo. Nao walikuwa na sababu kubwa kuliko kombe la netiboli. Mimi nikiona kamati ya ufundi inanyunyiza kitu kwenye goli la uwanja wenye jina hilo, huwa nakosa pa kuweka macho.

Hatua ya sheria nayo usiiruke. Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1928, aliiacha Mwingereza. Inamgusa anayejidai ana uwezo wa kuroga, na inamgusa vilevile anayemnyooshea mwenzake kidole kuwa ni mchawi. Ingetekelezwa siku moja tu ya fainali, jukwaa lote lingelala kituoni na uwanja ungebaki na refa. Hapa natoa kejeli mfukoni kidogo naiweka mezani: neno hilo likishatamkwa juu ya mtoto haliishii kwenye lori. Linamfuata hadi kijijini, linaanza kuuliza kajifunza kwa nani, na jibu huwa ni bibi. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini jikoni. Katika nchi hii kuna bibi waliouawa kwa macho hayo.

Haya, turudi kwenye ushindi. Miaka ya tisini nilipeleka timu ya netiboli Mbinga. Mfungaji wangu, nitamwita GS kwa herufi za kifuani mwake, alikuwa mrefu, mkimya, mtoto wa mvuvi. Nyumbani kwao kulikuwa na mwembe. Kwenye tawi la mwembe alikuwa amefunga duara la fito, na kila jioni, akisubiri mtumbwi wa baba yake, alirusha embe changa humo. Hakuwa na mpira. Embe ni dogo, duara nalo lilikuwa dogo, upepo wa mwera ulikuwa unavuma. Sasa mtu wa namna hiyo umpe mpira halisi na ringi ya chuma isiyotikisika.

Alifunga. Kabla ya kila mpira alijipangusa viganja kwenye sketi, mara mbili, kisha akarusha. Akafunga tena. Kipindi cha kwanza watazamaji walishangilia. Cha pili walianza kuhesabu mipanguso. "Anapaka," mama mmoja akasema. "Anapaka nini?" "Sketi ina kitu." Filimbi ya mwisho ilipolia, badala ya kupeana mikono, iliitishwa kamati.

Niliitwa kama mwalimu wa timu. Meza ya darasani, viti vitatu, mtoto amesimama.

"Shikamoo," akasema GS.

"Marahaba. Mfukoni mna nini?"

"Chakula, mwalimu."

"Kitoe."

Akatoa kikaratasi kilichosokotwa. Kilifunguliwa kwa ncha ya rula, mmoja amesogea nyuma. Ndani mlikuwa na dagaa wakavu saba. Walitazamwa kwa muda mrefu. Akaulizwa kwa nini saba, na timu ya netiboli ina wachezaji saba. Akasema walikuwa kumi na mbili, kala watano asubuhi. Mimi nikaeleza kwamba viganja vya mtu vikitoka jasho mpira huteleza. Maelezo yangu hayakuandikwa. Ikaamuliwa kwamba vitu hivyo vibaki chini ya ulinzi wa kamati hadi kesho, uamuzi utolewe kwa utulivu.

Kesho hakukuwa na uamuzi kwa sababu hakukuwa na ushahidi. Kikaratasi kilikuwepo mezani, kina mafuta, kitupu. Maharage ya jana yake yalikuwa yamewahi kuisha, na kamati nayo ni binadamu. Kombe tukapewa, kwa mkono wa kushoto, tukalipakia kwenye lori katikati ya mablanketi. GS alilala njia nzima.

Mwaka uliofuata tulikutana tena na timu ileile. Walipojipanga niliona mifuko ya sketi imevimba, wote saba, na kila mmoja kabla ya kushika mpira alijipangusa mara mbili. Harufu ilitufikia tukiwa upande wa pili wa uwanja. Waliingia kwa kujiamini sana. Wakafungwa kuliko mwaka wa kwanza.

Nikamkuta mwalimu wao nyuma ya jengo, ameinamisha kichwa, anamhoji mtoto kwa upole kuhusu duka. Kumbe walikosa dagaa wa Nyasa sokoni, wakanunua wa Mwanza.