Matembele ya Mtaa Mzima

Njombe ni nchi ya viazi mviringo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba sakitu hulala juu ya majani, na jirani akikukuta unainua matuta ya viazi vitamu nyuma ya nyumba anakusalimu "Kamwene" kwa sauti ya kutoa pole. Lakini mume wangu ni Msukuma. Kwake, nyumba isiyo na viazi vitamu bado haijahamiwa.

Basi mwezi wa kumi na mbili mama mkwe akatutumia marando kwa basi kutoka Shinyanga, kiroba kizima. Konda alipokishusha stendi akauliza kwa sauti, "Majani ya mbuzi ya nani haya?" Nilikuwa nimevaa nguo za kazini. Nikanyoosha mkono. Marando yenyewe hayakuwa na habari. Gizani humo yalikuwa yameshaanza kutoa vimizizi vyeupe. Unakata kipande cha sentimita 30 hivi, unakilaza mshazari kwenye tuta, unafukia zaidi ya nusu, basi. Hakidai ada wala sare za shule.

Balaa likaja na mbolea. Mume wangu ni mtu wa kumjazia mgeni sahani hata akikataa, na mimi nikiwa kazini aliyamwagia matuta samadi ya kuku. Sasa, kiazi kitamu kikishibishwa naitrojeni hakioni sababu ya kuweka akiba chini. Kinaota majani. Yakaota, yakavuka njia, yakaparamia ukuta wa choo, yakaingia kwa jirani bila hodi.

Hapo ndipo nilipojua mtaa wetu una watu wangapi wa Dar. Mwalimu, muuguzi, fundi simu: miaka yote walikuwa wakila chainizi kwa uvumilivu tu. "Dada, naomba tembele kidogo." Kidogo yenyewe ilikuja na ndoo. Nilipania kufunga geti, lakini muuguzi akatokea na nazi mkononi. Nazi, Njombe! Mtu aliyehangaika kiasi hicho humfukuzi mlangoni.

Chini ya ardhi alikuwepo mteja mwingine. Matuta yalipoanza kupasuka, mume wangu alifurahi sana, maana ufa ni dalili kwamba kiazi kinanenepa. Inatakiwa uuzibe kwa udongo, fukusi asipate njia ya kuteremka na kutaga. Yeye aliuacha wazi ili awaonyeshe wageni. Fuko wala hahitaji ufa. Huja na handaki lake kwa chini, anakila kiazi kuanzia tumboni, na kukuachia ganda mahali pake palepale, kwa heshima.

Shinyanga viazi hivi huchimbwa baada ya miezi minne au mitano. Kwa baridi ya huku tulingoja mpaka sakitu ya mwezi wa saba ikayachoma majani yakawa meusi. Mwalimu akaja kutupa pole, na kuangalia kama kuna tembele lililopona.

Tukachimba. Beseni moja, vingi vyembamba kuliko kidole. Vilipaswa kukaa jikoni karibu na moto siku kadhaa, majeraha ya jembe yapone na utamu uongezeke. Mume wangu akavipeleka stoo, na stoo ya Njombe mwezi wa saba ni jokofu lisilodai umeme. Kiazi kitamu kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 kinanuna: ukikichemsha, pembeni kinaiva, katikati kinagoma. Tulikula. Sauti ya kutafuna ilisikika mpaka sebuleni.

"Si vibaya," alisema mume wangu.

Kisha akampigia mama yake kumweleza kwamba mavuno yalikuwa mazuri. Mama akacheka kwa muda mrefu, akaomba nipewe simu.

"Mwanangu, pokea mzigo basi la Jumamosi."

Ilikuwa michembe: viazi vilivyokwisha kukatwa na kukaushwa hukohuko Usukumani, ambavyo hakuna fuko, sakitu wala mwanawe angeweza tena kuviharibu.