Madaraja ya Mzee wa Kazi: Uainishaji wa Awali kutoka Masasi na Newala

Korosho ghafi ikifika ghalani haipokelewi kwa kuaminiana. Huchukuliwa sampuli, hupimwa unyevu, hukatwa kwa kisu, kisha hutamkwa: daraja la kwanza, au la pili. Ikishabanguliwa, kokwa nazo zina alama zao zinazotambulika dunia nzima: W240 ni nzima, nyeupe, zisizozidi 240 katika ratili moja, W320 ni ndogo zaidi, baada ya hapo zinafuata zilizoungua, zilizopasuka, na vipande. Sayansi hiyo imekamilika. Ajabu ni kwamba katika wilaya za korosho za Masasi na Newala, ambako kila duka, gesti, gereji na mgahawa hupanga watu kwa madaraja siku zote, hakuna aliyeandika mwongozo. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma.

Tuanze na mipaka ya eneo. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vyake vya mawe, na mwanajiografia mkali atasema haimo uwandani kabisa. Tunamkubalia, ila tabia tunayoichunguza hupanda na kushuka na abiria kila siku.

Kuhusu sheria hakuna utata. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua, na umri umetajwa humo pamoja na kabila, dini, jinsia na ulemavu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hajawahi kuivunja sheria hii kwa makusudi, kwa kuwa hajawahi kuisoma. Mfanyakazi wake naye hajawahi kuidai, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa mdomo, na mdomo wenyewe ulisema tu, "Njoo kesho asubuhi." Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, lakini kwenda huko ni kumshtaki mtu ambaye jioni mtakaa naye mkeka mmoja msibani.

Umri wenyewe ndio unaoleta taabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na 55, kwa lazima akiwa na 60. Biashara ndogo hazina subira hiyo. Mhudumu wa baa huzeeka kabla ya 30, siku mteja anapomwita mama ilhali hana mtoto. Dada wa duka la simu huzeeka siku anapomrudishia mteja kadi ya laini na kusema haoni vizuri. Dereva wa bodaboda huzeeka mara tajiri anapoanza kumuuliza habari za mgongo. Fundi cherehani anafika mbali zaidi, mpaka macho yashindwe kutunga uzi, na hata hapo humweka mjukuu kwa kazi hiyo moja. Kinyume chao wote ni mganga, kungwi na ngariba, ambao kwao ujana ndio kasoro: hakuna aliyewahi kubandika tangazo la "anahitajika kungwi, umri usizidi miaka 25".

Sasa madaraja. Lenye watu wengi kuliko yote ni la Mpumzishwaji, nalo linastahili maelezo marefu, kwa sababu waliotunga sheria hawakulifikiria. Wao waliwaza kwamba ubaguzi huja na tusi. Hapa huja na shikamoo. Kijana mwenye duka, aliye rika moja na kitindamimba wa mzee huyo, huanza kwa kumpa kiti. Kiti ndiyo dalili ya kwanza. Mtaalamu asipoiona, hawezi tena kuzuia lolote. Baada ya kiti huja chai. Baada ya chai huja hotuba: "Mzee wetu, haya mambo ya kubeba tuachie sisi wanao. Umetulea, umechoka. Sasa pumzika." Mshahara hukoma kwenye neno la mwisho.

Tumeona pia kwamba kadiri heshima inavyorefuka ndivyo siku zinavyopungua. Anayeitwa "mzee" tu bado ana miezi. Akifikia "mzee wetu", ahesabu wiki. Akisikia "mzee wetu tunayemtegemea hapa", atafute viatu vyake. Hakuna anayesema mapumziko hayo yatalipiwa na nani. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Bara hakuna mpango wa namna hiyo kwa kila mzee, hivyo mapumziko ya Newala hugharamiwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam, pale anapopokea simu.

Daraja la pili ni Mlinzi. Huyu mchana ameambiwa hana nguvu za kuinua gunia moja, usiku anakabidhiwa ghala zima. Amepewa rungu, tochi na koti zito. Nadharia ya waajiri ni kwamba wazee hawalali na hawana tamaa, na nusu yake ya kwanza ni kweli. Kwa nini mwili usioweza gunia unawaweza wezi, hilo halijafafanuliwa. Lililo wazi ni kwamba mali iliyomfanya kila mtu ahangaike mwaka mzima hulindwa na mwenye ujira mdogo kuliko wote waliowahi kuigusa.

Mshauri ni fundi aliyepumzishwa gereji kisha akapigiwa simu aje asikilize injini inayokohoa. Hulipwa soda.

Katika vipande yumo bibi mbanguaji. Anabangulia nyumbani, analipwa kwa kilo, na haulizwi umri kwa kuwa hakuna anayemwona. Mafuta ya ganda yamembabua vidole miaka mingi, na siku hizi malipo yakipita kwenye simu, laini husajiliwa kwa alama za vidole. Mashine humtafuta, isimpate.

Baadhi ya wazee hawa si wageni wa kazi za kiwandani. Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho kusini miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vya Masasi na Newala vikiwemo, huku mavuno yakiwa tayari yanaporomoka: takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Viwanda vingi vikafungwa. Mikorosho nayo ilizeeka, lakini yenyewe ilipata bahati: watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wana utaratibu wa kuukata mkorosho mkongwe na kuubebesha kikonyo kipya, uzae tena. Fundi mitambo wa enzi hizo hana kitengo kinachomshughulikia.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba nayo ina madaraja yake: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mwanaume wa miaka 62 mwenye viungo kamili anashauriwa asubiri ajali.

Mtafiti atakayetufuata asikusanye takwimu kati ya Oktoba na Desemba. Korosho zikidondoka, uainishaji wote huvunjika, na kila mwenye mikono huwa kijana hadi mnada wa mwisho.

Limebaki kundi moja lililotushinda kulipanga: tajiri mzee. Amevuka 70, anasikia kwa sikio moja, bei za sukari anazichanganya, na hakuna anayemwambia apumzike, kwa sababu duka ni lake. Alipotaka msaidizi, alimwita mjukuu aandike kwa herufi kubwa: anahitajika binti mchangamfu, miaka 18 hadi 25. Akaulizwa kwa nini asimchukue mtu wa makamo, anayejua biashara. "Wazee," alisema, "hawaambiliki."